Rangi ya meno yasahaulisha uozo Nakuru

Naivasha, Gilgil, Elementaita na viungani mwa jiji la Nakuru, tabasamu mara nyingi hufichua mtu alikolelewa. Madoa ya kahawia kwenye meno hutokana na floridi inayoyeyuka kutoka miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na kuingia visimani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji, na visima vingi vya eneo hili huvuka kipimo hicho.

Kwa kawaida mjadala huishia hapo. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015, uliopata madoa hayo kwa asilimia 41.4 ya watoto, uligundua pia kuwa asilimia 23.9 ya watoto na asilimia 34.3 ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza. Kahawia si uozo. Wala floridi nyingi si kinga kamili, kwani jino lililoathirika vibaya huwa na vishimo ambamo uchafu hujificha.

Uozo unaopuuzwa zaidi ni ule wa katikati ya meno mawili, mahali ambapo mswaki haufiki. Asidi itokanayo na sukari hunyonya madini ya jino polepole huku sehemu ya juu ikibaki nzima. Hakuna maumivu, na daktari haoni kitu bila picha ya eksirei. Maumivu yakianza, mara nyingi ugonjwa umekaribia neva, na wengi huishia kung'olewa jino.

Zamani daktari aliyeona doa kama hilo alikuwa na njia mbili: kungoja, au kutoboa na kupoteza sehemu nzima ya jino ili kulifikia. Watafiti wa Berlin na Kiel, Ujerumani, walibuni njia ya tatu iliyoingia sokoni mwaka 2009. Sehemu dhaifu hulainishwa kwa asidi, hukaushwa, kisha hunyweshwa utomvu mwepesi unaogandishwa kwa mwanga. Kwa kawaida hakuna sindano wala kutoboa. Utomvu uo huo hutumika kufifisha madoa meupe ya floridi, ingawa ya kahawia iliyokolea ni magumu zaidi kuondoa.

Lakini jino likishatoboka, tiba hiyo haifai tena, na si ya bei rahisi. Iliyo nafuu ni dawa ya fedha na floridi, ambayo WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha uozo kwa kupakwa tu, ila huliacha doa likiwa jeusi. Katika eneo ambalo vijana tayari huficha meno yao wanapocheka, hilo si jambo dogo. Lakini kwa gego la nyuma, afadhali weusi kuliko pengo.

Kuna wazazi wanaowanyima watoto dawa ya meno yenye floridi kwa kuhofia madoa. Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo. Madoa hutokea floridi inapomezwa meno yakiundwa, hasa kabla ya umri wa miaka minane. Dawa hufanya kazi juu ya jino na hutemwa. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hutosheka na kiasi cha punje ya njegere. Kinachostahili kubadilishwa ni maji ya kunywa. Kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke huondoka na floridi hubaki. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imewahi kuyachuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo sharti ibadilishwe inapojaa.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Magego ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na mengine akiwa na kumi na miwili, wakati ambapo wengi wako shuleni na wanaweza kupigwa picha kabla ya jino la kwanza kuuma.