Mitihani Miwili kwa Daktari Mmoja

Katika mijadala yetu ya elimu ya juu tumezoea kuitaja Marekani kama nchi inayotazama uwezo wa mtu, si jina la shahada yake. Wanaoamini hivyo nawaomba wamtazame mwanafunzi wa udaktari wa osteopathia anayetaka kuwa bingwa wa neurolojia, yaani tiba ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Katika nchi nyingi za Ulaya, mtaalamu wa osteopathia ni mnyoosha viungo asiye na leseni ya udaktari. Marekani sivyo. Andrew Taylor Still alifungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na leo mwenye shahada ya D.O. anaandika dawa, anapasua, na anapewa leseni kamili katika majimbo yote 50, sawa na mwenye M.D. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wamo katika vyuo hivi.

Usawa huo haukuja kwa hisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California iliwabadilishia D.O. takriban 2,000 shahada zao kuwa M.D. kwa ada ya dola 65, kisha mwaka 1962 wapiga kura wakafunga utoaji wa leseni mpya kwa D.O. Dola 65! Kama elimu yao ilikuwa duni, ada hiyo iliuponyaje uduni? Mahakama ya Juu ya jimbo iliufungua tena mlango huo mwaka 1974.

Kati ya 2015 na 2020 mafunzo ya ubingwa ya pande zote mbili yaliwekwa chini ya chombo kimoja cha ithibati, ACGME. Karatasini, basi, neurolojia iko wazi kwa wote, na kweli D.O. wengi huingia. Lakini tazama bei ya kiingilio. Mwanafunzi wa D.O. hufanya mtihani wake wa leseni, COMLEX, ambao hauepukiki. Baadhi ya programu humtaka afanye pia USMLE, mtihani wa wenzake wa M.D.; nyingine hazisemi, ila huupendelea kimyakimya. Kijana anayesoma kwa mkopo analipa ada mbili na kukesha mara mbili kwa maarifa yale yale. Mwenzake wa M.D. haombwi COMLEX hata siku moja.

Wakuu wa programu hujitetea kwamba wanahitaji kipimo kimoja cha kulinganisha waombaji. Tangu 2022, hatua ya kwanza ya mitihani yote miwili haitoi alama. Hutoa kufaulu au kutofaulu tu. Imebaki hatua ya pili. Kama majimbo yote yanaiona COMLEX inatosha kwa leseni ya kumtibu mgonjwa wa kiharusi, kwa nini isitoshe kuombea nafasi ya kujifunza kumtibu? Tena neurolojia ni fani ya mikono: kugonga goti kwa kinyundo, kupima nguvu ya misuli, kusikiliza mwili kwa vidole. Hawa wamefundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Na fedha ni za nani? Mlipaji mkubwa wa mafunzo haya ni Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inayotokana na kodi ya wananchi, wakiwamo wazazi wa wanafunzi hao.

Viongozi wa osteopathia nao siwaachi. Wamefungua vyuo kwa kasi, vingi bila hospitali yake ya kufundishia. Mwanafunzi hana idara ya neurolojia ya kumlea, hana profesa wa kufanya naye utafiti. Barua ya kumpendekeza huifuata jimbo jingine, wiki nne wodini, nauli na pango juu yake. Chuo kimeshapokea karo.

Mwaka 2023 Bunge la Marekani lilipelekewa mswada wa kuzitaka programu zinazopokea fedha za Medicare ziikubali COMLEX na zitangaze ni D.O. wangapi waliomba na wangapi walichukuliwa. Sharti hilo la pili nalipenda zaidi. Programu isiyowataka iandike hivyo waziwazi, kwa tarakimu, kabla mwombaji hajalipa ada ya maombi.