Mlima Uliookolewa Kichwa

Camelback ni ngamia aliyepiga magoti katikati ya mitaa ya Phoenix, Arizona: kichwa magharibi, nundu mashariki. Nundu ile ina kimo cha mita 824 hivi, na ni mawe matupu yasiyo na nyumba. Shusha macho kidogo, utakutana na mapaa, barabara za lami na mabwawa ya kuogelea.

Utupu ule wa juu uligombewa. Miaka ya 1960 nyumba zilikuwa zikipanda mteremko, na Barry Goldwater, aliyekuwa ametoka kushindwa urais na Lyndon Johnson mwaka 1964, akaongoza kampeni ya kuuokoa mlima. Wananchi walichanga, serikali kuu ikaongeza fedha, na mwaka 1968 ardhi ya juu ikapatikana. Kampeni hiyo ilipigania ardhi iliyo juu ya futi 1,800, yaani karibu mita 550.

Mstari huo ulichorwa kwa ajili ya macho, na hapo ndipo ninapopata shida. Jangwa la Sonora haliishi kileleni. Mvua, ambayo ni haba, huteremka kwa makorongo na kubeba changarawe na udongo hadi chini. Huko, penye udongo wa kina, ndiko kaktasi wa saguaro hustawi. Mche wake huanza maisha kwenye kivuli cha mti mwingine, na huweza kupita miaka hamsini au zaidi kabla haujatoa mkono wa kwanza. Ukilinda miamba ukauza miguu ya mlima, umelinda sura na kuuza uhai wenyewe.

Siwalaumu waliopigana. Ardhi ya chini ilikwishakuwa mali ya watu binafsi na bei yake ilikuwa ikipaa. Bila wao hata nundu ingekuwa viwanja. Kosa lilikuwa kuchelewa. Upande wa kusini wa jiji hilohilo kuna South Mountain: mwaka 1924 jiji lilinunua huko ekari zipatazo 13,000 kwa dola 17,000 tu, wakati mji ulikuwa bado mbali.

Hata hivyo, hati ya kumiliki haikutosha kuulinda. Desemba 2019 ilifunguliwa barabara kuu iliyokata migongo ya magharibi ya mlima huo. Waakimel O'odham, ambao kwao mlima huo ni mtakatifu tangu kabla ya jiji kuwapo, walikwenda mahakamani wakashindwa. Najua malori yalihitaji njia ya kukwepa katikati ya jiji. Lakini mwamba uliolipuliwa haurudi, na kwangu mimi neno la watu hao lilistahili uzito kuliko dakika za safari zilizookolewa.

Majirani wa Phoenix, wakazi wa mji wa Scottsdale, wamefika mbali zaidi. Mwaka 1995 wapiga kura walikubali kujitoza kodi ya mauzo ili kununua ardhi ya milima ya McDowell, na leo hifadhi yao inazidi ekari 30,000, ikiwa na tambarare za jangwa pamoja na vilele. Kisha, ulipoletwa mpango wa kujenga kituo cha wageni ndani yake, mwaka 2018 walipitisha kanuni nyingine: ujenzi wa namna hiyo katika hifadhi usifanyike mpaka wao wenyewe waukubali kwa kura.