Pua Haitoshi Kupima Hewa ya Cedar Rapids

Mji wetu huu wa Iowa una jina la kujitamba: Mji wa Majira Matano, yaani yale manne ya mwaka na moja zaidi la kuyafurahia hayo mengine. Wenyeji kwa utani huuita Mji wa Harufu Tano, kwa sababu ya viwanda vya nafaka na mahindi vilivyo karibu na Mto Cedar. Upepo ukigeuka alfajiri, harufu ya nafaka inayopikwa kwenye kiwanda cha Quaker hukufuata hadi kitandani. Ndiyo maana katika vikao vya jumuiya, anayelalamikia hewa hulalamikia harufu. Jarida hili linaona kwamba tunalinda mlango ambao mwizi hapitii.

Kinachoumiza zaidi vifua vyetu ni chembechembe laini zisizozidi mikromita 2.5; unene wa unywele mmoja ni takriban mara 30 ya huo. Mara nyingi hupita bila pua kuhisi chochote. Huingia ndani kabisa ya mapafu, nyingine hadi kwenye damu. Watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu ndio wa kwanza kuumia. Wenzetu waliotoka Goma, Kongo, hawahitaji kuhubiriwa hapa: wamekua wakionywa kuhusu mazuku, gesi ya volkano isiyoonekana inayojikusanya kwenye mabonde na kuua mifugo, hata watu. Chanzo cha hewa chafu ya Iowa ni kingine kabisa, lakini nayo huja kimyakimya.

Iowa ni tambarare, na siku nyingi upepo hufagia uchafu kabla haujakaa. Hilo ndilo hutupumbaza. Katika majira ya baridi, theluji ikiwa chini, jua dhaifu na upepo umetulia, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Moshi wa viwanda, wa majiko ya kuni na wa magari ya I-380, barabara inayokata katikati ya mji, hubaki palepale tunapopumua, hasa sehemu za bondeni. Mashamba nayo huchangia: amonia ya mbolea na mifugo hukutana na gesi za magari na viwanda, na baridi huzigeuza kuwa chembechembe. Kwa hiyo siku tulivu ya Januari isiyonuka chochote inaweza kuwa mbaya kuliko siku ambayo mji mzima unanukia uji.

Majira mengine nayo yana yake. Aprili, wafugaji wa Flint Hills kule Kansas huchoma nyasi, na upepo wa kusini unaweza kutuletea moshi huo. Wakati wa joto, jua hugeuza gesi za magari na viwanda kuwa ozoni, ambayo hupanda mchana na kufikia kilele alasiri, saa zilezile za mazoezi ya mpira. Mwishoni mwa Juni 2023 moshi wa misitu iliyoungua Kanada ulifika huku na kuipeleka hewa yetu hadi daraja jekundu la kipimo cha ubora wa hewa. Kisha huja mavuno, na vumbi la mahindi na soya.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayetoka zamu ya usiku hana nafasi ya kuchagua hewa. Ni kweli, ila ana nafasi ya kujua lini afunge madirisha. Programu ya AirNow hutoa kipimo hicho bure kwenye simu: hadi 50 ni kijani, salama, kuanzia 101 wenye pumu na watoto wapunguze shughuli za nje, kuanzia 151 ni nyekundu, na kila mtu apunguze. Mkumbushe mwenye nyumba abadilishe kichujio cha hita. Usiliache gari likiunguruma mlangoni kwa muda mrefu ati lipate joto. Na jiko la mkaa lisiingizwe gereji hata mvua ikinyesha, maana kaboni monoksaidi nayo haina harufu, na huua.

Hata hivyo, mzigo huu si wa familia peke yake. Tunaziomba shule na kliniki zitume tahadhari za hewa kwa Kiswahili na Kirundi, kwa ujumbe wa simu, kabla watoto hawajatoka nyumbani. Viongozi wa makanisa na misikiti wazitangaze pamoja na matangazo mengine. Kwa makocha wa timu zetu tunapendekeza kanuni moja isiyo na mjadala: kipimo kikifika 151, hakuna mazoezi ya nje siku hiyo, hata kama fainali ni kesho. Kocha asisubiri mtoto aanze kukohoa ndipo aangalie simu.