Kofta si Lazima Nyama

Wapo wanaodai kwamba kofta isiyo na nyama ni jina la uongo. Hoja hiyo haina mashiko. Neno kofta limetokana na kitenzi cha Kiajemi chenye maana ya kuponda. Hutaja kazi ya mkono, wala halitaji nyama. Wahindi, kwa mfano, hupika kofta za mboga na jina hawalibadilishi. Basi mwalimu ambaye mshahara wake haufiki buchari na aloweke kunde usiku kucha, azitoe maganda, azitwange zikiwa mbichi pamoja na kitunguu saumu, dania na chumvi, azifinyange madonge, kisha azikaange. Asizichemshe kwanza, zisije zikasambaratika mafutani. Wanawe watakuwa wamekula kofta halisi, naye asiwaombe radhi.