Rangers walichelewa kukaa na wadai

Wengi wanakumbuka pointi 10 walizokatwa Rangers ya Scotland Februari 2012, klabu ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Lakini pointi hazikuiua kampuni ile. Iliuawa na kura.

Iko hivi. Sheria ya Uingereza inairuhusu kampuni yenye madeni iwaambie wadai: chukueni kiasi hiki, kingine sameheni, maisha yaendelee. Waliopiga kura wakikubali kwa asilimia 75 ya thamani ya madeni yao, hata waliogoma wanabanwa. Tena si lazima kusubiri wasimamizi waingie, wakurugenzi wanaweza kuanza mapema, kabla hazina haijakauka.

Rangers walifika mezani Juni wakiwa hawana kitu. Mamlaka ya kodi ikakataa, na deni lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba hapana yake pekee ilitosha. Mali zikauzwa pauni milioni 5.5, timu ikaanzia daraja la nne, sare ya 2-2 kule Peterhead. Mashabiki wa Celtic wanawatania mpaka leo.

Tangu 2020 ipo njia nyingine: mahakama inaweza kupitisha mpango wa madeni hata kundi moja la wadai likigoma, mradi lisiumie zaidi ya ambavyo lingeumia bila mpango. Ingewaokoa Rangers? Labda. Ila inataka pesa ya mawakili, na mabosi wanaokubali mapema kwamba wanazama. Mabosi hawahawa wa mpira? Dirisha likifunguliwa tu, wanasajili.