Kompyuta na Maendeleo ya Mwanafunzi

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Leo maduka ya Kariakoo yamejaa kompyuta na simu. Je, wingi huu umeinua elimu? Uchunguzi wa kimataifa wa OECD uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanafunzi wanaotumia kompyuta shuleni kwa kiasi hufanya vizuri kidogo kuliko wanaozitumia kwa nadra. Wanaozitumia kupita kiasi hufanya vibaya zaidi. Kunakili si kufikiri. Anayenakili insha kutoka intaneti hupata maksi bila maarifa. Basi mwalimu asiishie kuuliza jibu. Aulize pia limepatikanaje. Katika mtihani wa Kidato cha Nne mwanafunzi huingia na kalamu, si intaneti.