TAHARIRI: Injini kali bila shokapu ni kazi bure

Msimu wa mbio za magari ukikaribia, madereva wengi hukimbilia kuiongezea injini nguvu. Shokapu na springi hukumbukwa mwishoni, pesa imeshakata. Ni sawa na klabu kusajili straika wa bei mbaya huku kiungo mkabaji hana.

Springi hubeba uzito wa gari, shokapu hulituliza lisidundedunde. Ukifunga springi ngumu ukaacha shokapu zilezile, zinazidiwa. Tairi linaruka, na likiwa hewani breki na usukani havina kazi. Ndiyo maana mafundi wa rally huzifungua shokapu na kupanga upya vali zake, ili mafuta ya ndani yapite kwa kasi inayoendana na springi mpya.

Kule Naivasha, Kenya, Safari Rally haina huruma: vumbi, mawe, mashimo. Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, na hapo injini pekee haitoshi.

Vyama vya mchezo huu vikague shokapu kama vinavyokagua mikanda na helmeti. Pembeni ya njia wamesimama mashabiki, watoto wakiwemo. Gari likigoma kukata kona, hakuna refa wa kupuliza filimbi.